Mwanafunzi wa Kutwa na Mwanafunzi wa Bweni: Somo la Historia kutoka Usambara

Utangulizi

Kila mwaka wa masomo unapoanza, swali moja hurudi katika vikao vya walimu wa vyuo vyetu: je, mwanafunzi anayelala nyumbani kwake na kuja chuoni kila asubuhi aweza kuandaliwa kwa utumishi sawasawa na yule anayelala bwenini? Wako wanaojibu upesi kwamba hawezi. Husema kuwa anakosa ibada ya jioni, anakosa mazungumzo ya usiku na wenzake, na akili yake imegawanyika kati ya vitabu na mahitaji ya nyumba. Sisi wenyewe tuliwahi kufikiri hivyo, tukamhesabu mwanafunzi wa kutwa kuwa nusu mwanafunzi.

Katika makala hii twakusudia kulipima wazo hilo kwa historia ya Kanisa letu. Tutaanzia katika milima ya Usambara, upande wa Korogwe, ziliko Dindira, Bungu na Lutindi, kwa sababu huko njia zote mbili za kumlea mwanafunzi zilijaribiwa tangu mwanzo.

1. Lutindi: bweni la wasio na kwao

Anayeifahamu Dindira anajua maana ya kwenda shule na kurudi. Nyumba zimekaa juu ya migongo ya milima, na shule au kanisa laweza kuonekana kwa macho, kumbe kati yake na msomaji liko bonde la kushuka na kupanda. Wakati wa mvua njia huteleza, na ukungu hushuka hata mashamba ya chai yasionekane.

Katika milima hiyo hiyo, mwaka 1896, Wakristo wa Kijerumani walifungua makao Lutindi kwa ajili ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Watoto hao walikuwa wamenyang'anywa wazazi, ukoo na hata lugha. Wasingeweza kuambiwa warudi nyumbani jioni, maana nyumba haikuwapo. Basi bweni la Lutindi halikumtoa mtoto kwao. Lilimpa mahali pa kupaita kwao. Mwanzoni mwa karne ya 20 makao hayo yaligeuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na kazi hiyo imeendelea chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki. Twataja habari hii kwanza ili tusilidharau bweni. Katika Usambara lilikuwa tendo la huruma kabla ya kuwa utaratibu wa shule.

2. Shule za vijijini: Injili irudiyo nyumbani

Wamisionari Johanssen na Wohlrab walifungua kituo cha Mlalo mwaka 1891. Vuga ilifuata mwaka 1895 na Bumbuli mwaka 1899. Katika vituo vijana kadhaa waliishi karibu na wamisionari, wakijifunza kusoma, kuimba na kufanya kazi za mikono. Lakini Washambaa walikuwa wengi, na vijiji vyao vilitawanyika. Hakuna bweni ambalo lingewatosha. Hivyo zikaanzishwa shule ndogo vijijini, chini ya mwalimu mmoja, kwa masomo ya saa chache tu. Baada ya hapo mtoto alirudi shambani na nyumbani.

Twaweza kusema kwamba shule hizo zilikuwa duni. Hata hivyo zilikuwa na nguvu ambayo kituo hakikuwa nayo. Hadithi ya Biblia iliyosikiwa asubuhi ilisimuliwa tena jioni mekoni. Wimbo uliofundishwa darasani uliimbwa na mtoto aliyembeba mdogo wake mgongoni. Mwanafunzi huyo alilala katika nyumba ambamo matambiko yalifanyika, akaulizwa na wazee wake maswali magumu kuliko yale ya mwalimu. Alilazimika kuieleza imani yake kwa Kishambaa cha nyumbani, mbele ya watu waliomjua tangu kuzaliwa.

Matokeo yalionekana wakati wa shida. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wamisionari wa Kijerumani waliondolewa nchini, wakarudi katika miaka ya 1920. Vita ya pili ilipoanza mwaka 1939, walikamatwa na kuzuiliwa. Mara mbili katika kizazi kimoja Kanisa la Usambara lilibaki bila wale walioliasisi, na mara zote mbili halikufa. Lilishikwa na walimu na wazee waliokaa vijijini, waliolima mashamba yao na kujulikana na majirani.

3. Luther mwenyewe alilala wapi?

Wamisionari hao waliurithi urithi wa Luther, kwa hiyo yafaa kuuliza yeye alisomaje. Akiwa mtoto alisoma katika mji wa Mansfeld, akilala kwa wazazi wake. Mwaka 1497 alipelekwa Magdeburg, na mwaka uliofuata Eisenach. Kama walivyofanya wanafunzi maskini wa siku hizo, aliimba milangoni mwa watu ili apate mkate, mpaka wenyeji wa mji walipomkaribisha. Mwaka 1501 aliingia Chuo Kikuu cha Erfurt, akakaa katika nyumba ya wanafunzi yenye kanuni zake. Basi Luther alizipitia njia zote tatu: nyumba ya wazazi, nyumba ya wenyeji na bweni.

Mwaka 1524 aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwahimiza wafungue shule. Aliwajibu wazazi waliosema hawawezi kuwaachia watoto kwa kuwa wanawahitaji nyumbani. Alipendekeza kwamba mvulana aende shule saa moja au mbili kwa siku, na muda uliobaki afanye kazi nyumbani au ajifunze ufundi. Msichana naye apate saa moja. Kwa maneno mengine, Mwanamatengenezo wetu hakuona kazi ya nyumbani kuwa adui wa elimu. Na alipokuwa na nyumba yake Wittenberg, mkewe Katharina von Bora aliwapokea wanafunzi wakaishi na kula humo. Mazungumzo ya Mezani yanayosomwa hata leo yalitoka katika nyumba hiyo.

4. Lwandai na Makumira: kwa nini tulijenga mabweni

Mwaka 1947 makanisa ya Kilutheri ya Tanganyika yalianzisha chuo cha theolojia Lwandai, huku huku Usambara. Mwaka 1954 chuo kilikuwa kimehamia Makumira, chini ya Mlima Meru. Wanafunzi walitoka Buhaya, Kilimanjaro, Singida na Nyanda za Juu za Kusini. Hakuna aliyeweza kurudi kwao jioni. Bwenini walizoea Kiswahili kimoja, sala moja na chakula kimoja. Makanisa saba yalipoungana tarehe 19 Juni 1963 kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, walikuwapo watumishi waliokwisha kuishi pamoja kabla ya makanisa yao kuungana. Hilo ni tunda la bweni.

Lakini liko na gharama yake. Mwaka huo huo wa 1963, Wapresbiteri wa Guatemala waliokuwa na seminari San Felipe waliona kwamba wengi waliotolewa vijijini kwenda kusoma hawakurudi kuwatumikia watu wao, na kwamba viongozi halisi wa sharika, watu wazima wenye mashamba na watoto, hawakuweza kuja chuoni. Wakaamua kuwapelekea masomo huko huko waliko. Njia hiyo ilifika kwetu kwa jina la Elimu ya Theolojia kwa Enezi. Mwalimu Nyerere naye, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alionya kwamba shule zilimtenga kijana na jamii yake, hasa shule za sekondari ambazo karibu zote zilikuwa za bweni.

5. Wa kutwa asiye na kwao

Tangu mwaka 2004, kwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, shule za kata zimejengwa nchini kote, na nyingi ni za kutwa. Mtoto wa milimani aliyekosa nafasi zamani sasa anayo. Lakini kata ya milimani ni pana. Anayetoka mbali huamka gizani na kufika shuleni amechoka na kulowa. Au mzazi humpangia chumba karibu na shule, akajipikia na kulala peke yake. Huyu huandikwa kuwa mwanafunzi wa kutwa, kumbe jioni harudi nyumbani. Hana bweni wala hana mama. Hatari kwa mabinti twazijua sote, maana tumewahi kuitwa kuwafariji wazazi wao. Mwezi Novemba 2021 serikali iliruhusu walioacha masomo kwa sababu ya ujauzito warudi shuleni. Hiyo ni rehema, ila ni afadhali zaidi mlango ufunguliwe kabla ya msiba.

Hitimisho

Historia haituagizi kuchagua bweni na kuikataa nyumba, wala kinyume chake. Samweli alilala hekaluni Shilo chini ya Eli. Timotheo aliipokea imani nyumbani kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Mungu aliwatumia wote wawili. Swali la kweli ni hili: nani anampokea mwanafunzi jioni? Lutindi kulikuwa na jibu, Eisenach pia, na kijijini pia. Palipokosekana jibu, hata elimu nzuri iliharibika.

Kwa hiyo twapendekeza mambo mawili. Kwanza, vyuo vyetu vipange ibada kuu na mazungumzo ya kiroho saa ambazo wote wapo, badala ya kumlaumu mama wa watoto watatu kwa kukosa sala ya saa mbili usiku. Malezi anayoyatoa nyumbani yahesabiwe kuwa sehemu ya mafunzo yake ya uchungaji. Pili, kila usharika ulio karibu na shule au chuo uvijue vyumba walivyopanga wanafunzi, na wazee wa Kanisa wazitafute familia za kuwapokea. Wakristo wa Eisenach walimfungulia mlango kijana aliyeimba nje bila kujua angekuwa nani. Nasi hatuwajui wanaopita mbele ya milango yetu jioni hii wakiwa na madaftari mkononi.