Konje Haiuzwi

Katika Kitabu cha Kutoka tunasoma habari ya watu walioomba ruhusa kazini. Waisraeli walikuwa watumwa wa Farao katika Misri, na kazi yao ilikuwa kufyatua matofali. Musa na Haruni walikwenda kumwomba Farao awaache watu waende safari ya siku tatu jangwani, wamtolee Mungu sadaka. Farao alijibu nini? Alisema kwamba ni wavivu. Akawanyima majani ya kuchanganya na udongo, lakini hesabu ya matofali isipunguke. Basi Mungu alipowapa Amri zake, aliagiza kwamba siku ya saba apumzike bwana pamoja na mtumishi wake. Nao wakumbuke kwamba walikuwa watumwa.

Katika karne ya 19 viwanda vikubwa vilienea Ulaya. Wanaume, wanawake, hata watoto walifanya kazi toka alfajiri mpaka usiku, na mahali pengi hata siku ya Mungu. Matajiri walisema: «Mtu amekubali mwenyewe.» Ndipo Baba Mtakatifu Leo XIII alipoandika barua yake Rerum Novarum, tarehe 15 mwezi wa 5, 1891. Alifundisha kwamba mapatano ya tajiri na mfanyakazi lazima yaweke nafasi ya kupumzika. Si haki tajiri kudai, wala mfanyakazi kuahidi, kwamba ataacha wajibu wake kwa Mungu na kwa nafsi yake. Mlishike neno hilo, maana tutalikuta tena.

Katika Ubelgiji sheria ya kupumzika siku ya Mungu ilitoka mwaka 1905. Lakini konje ya kila mwaka yenye mshahara ilikawia. Mwezi wa 6, 1936, wafanyakazi wa bandari ya Antwerp waligoma. Wenzao wa migodi na viwanda wakawafuata, wakawa karibu 500,000. Tarehe 8 mwezi wa 7 sheria ikatoka: konje ya siku 6 kwa mwaka, na mshahara juu yake. Ufaransa ilitoa wiki 2 mwaka uleule. Siku 6 ni chache, lakini mlango ulifunguka.

Na kwetu Kongo? Sheria ya Kazi ya tarehe 16 mwezi wa 10, 2002, inasema kwamba kila tajiri analazimika kumpa mfanyakazi wake konje akimaliza mwaka mmoja wa kazi. Kipimo chake si chini ya siku 1 ya kazi kwa kila mwezi, na siku moja na nusu kwa kijana asiyetimiza miaka 18. Kila miaka 5 ya utumishi huongeza siku 1. Tarehe wapatane wawili, lakini isipite miezi 6 tangu haki hiyo ilipopatikana. Zaidi ya hiyo, mtu anayefunga ndoa hupewa siku 2. Mke wake akizaa, siku 2. Akifiwa na mke, mzazi au mtoto, siku 4. Mama anayezaa hupata wiki 14.

Lakini mara nyingi twaona hivi. Baba ana deni, na feza ya shule ya watoto inadaiwa. Tajiri anamwambia: «Usiende konje, nitakulipa siku zako.» Naye anakubali kwa furaha. Sheria inasema nini? Inasema kwamba mfanyakazi hawezi kuiacha konje yake, na mapatano ya kuiuza ni bure kabisa, hata yakitiwa sahihi. Mkataba ukivunjika tu ndipo siku zilizobaki hulipwa kwa feza. Ndilo neno lile la 1891!

Kwa nini hivyo? Kwa sababu mwenye njaa hawezi kupatana sawasawa na mwenye feza. Tena mapumziko si ya mfanyakazi peke yake: mke anayamngojea, watoto wanayangojea, wazazi kijijini pia. Papa Yohane Paulo II alifundisha mwaka 1981 kwamba kupumzika kila wiki na kila mwaka ni haki ya mfanyakazi.

Basi, tajiri asiitoe konje kama zawadi, na mfanyakazi asiione kama mali ya kuuza. Naye aliyekwenda arudi siku yake. Farao alihesabu matofali tu. Sisi tuhesabu watu.