Viziwi Wawili wa Ulaya na Lugha Zao

Neno letu kiziwi halibagui baina ya mtu aliyezaliwa hasikii na yule aliyepotewa na usikivu baadaye. Hata hivyo habari za watu wawili wa Ulaya zatuonyesha kuwa mna tofauti ndani ya neno hilo, wala tofauti yenyewe haimo sikioni.

Ludwig van Beethoven, mtungaji wa muziki, alihamia Vienna mwaka 1792. Usikivu wake ulianza kupungua kabla hajatimiza miaka 30. Tarehe 6 Oktoba 1802, akiwa Heiligenstadt, aliwaandikia nduguze waraka ambao hakuupeleka. Ulionekana baada ya kufa kwake mwaka 1827. Humo aeleza kuwa alijitenga na watu kwa haya, maana hakuweza kumwambia mtu apaze sauti kwa kuwa yeye ni kiziwi. Tangu 1818 wageni wake walimwandikia maneno yao daftarini, naye aghalabu akajibu kwa mdomo. Ndiyo sababu daftari hizo, ambazo zaidi ya 130 zimesalia, zina maswali mengi na majibu machache. Katika mji huo huo palikuwa na shule ya viziwi, iliyoanzishwa na Kaisari Joseph II mwaka 1779. Simlaumu Beethoven: mtu mzima, riziki yake ni sauti, angekaa darasani na watoto? Lakini alikufa akiwa mmoja wa wasikiao, aliyepungukiwa.

Mwaka huo huo wa 1779 kilichapishwa Paris kitabu cha Pierre Desloges, fundi wa kujalidi vitabu. Ndui ilimtia uziwi alipokuwa na umri wa miaka 7 hivi, naye alikwisha jua kusema. Kwa miaka 20 alikaa bila mwenziwe, akitumia ishara chache zisizofungamana. Alipofika miaka 27 alikutana na kiziwi wa Kiitalia, mtumishi asiyejua kusoma wala kuandika, na huyo ndiye aliyemfunza lugha ya ishara. Mwenye kalamu akawa mwanafunzi wa asiyejua herufi!

Kitabu chenyewe kilikuwa jawabu kwa kasisi Deschamps wa Orléans, aliyezidharau ishara akitaka viziwi wafunzwe kusema kwa mdomo. Desloges alieleza kuwa viziwi wa Paris huzungumza kwa ishara juu ya kila jambo. Akajifananisha na Mfaransa aonaye lugha yake ikitukanwa na Mjerumani ajuaye maneno machache tu ya Kifaransa. Na lugha hiyo aliyoiita yake alikuwa ameijua kwa miaka michache tu.