Nani Alimtoa Kazadi? Somo la Kipa wa 1974 kwa Mabishano Yetu ya Leo

KISANGANI – Timu ya chuo kimoja cha hapa mjini ilipofungwa vibaya majuzi, mabishano hayakuishia uwanjani. Yaliingia Makiso, yakapita Mangobo, yakavuka mto kwa pirogi mpaka Lubunga. Hata vijana wa toleka walikuwa wanageuza shingo kumjibu abiria. Swali lilikuwa moja: kwa nini kocha alimpanga kipa yule, na si yule mwingine? Mmoja akasema kipa anapendelewa. Wa pili akasema angetolewa mapema. Wa tatu akauliza kipa ni mtu wa wapi, na hapo maneno yakaanza kuwa mabaya.

Ndugu wasikilizaji, nanyi familia mliokimbia makwenu na mnaotufuata kwenye simu kutoka maeneo mnakohifadhiwa, swali hili inchi yetu iliwahi kujiuliza mbele ya dunia nzima. Ilikuwa tarehe 18 Juni 1974, huko Gelsenkirchen, Ujerumani Magharibi. Wazee wetu waliokuwa na radio siku hiyo hawajaisahau. Vijana wengi wanajua tu hesabu ya mabao: tisa kwa sifuri. Tuitazame vizuri habari hiyo, kwa maana ndani yake mna jambo linalotuhusu sisi hapa Boyoma.

Kwanza tukumbuke kwamba timu ile haikuwa timu dhaifu. Mwezi Machi 1974, Leopards wa Zaïre walichukua Kombe la Afrika huko Cairo. Fainali na Zambia iliisha 2-2, ikabidi irudiwe siku mbili baadaye, na Zaïre wakashinda 2-0. Mabao yote manne ya mechi hizo mbili yalifungwa na mtu mmoja, Ndaye Mulamba. Katika mashindano yale alifunga mabao 9, na mpaka leo hakuna mchezaji aliyefikisha idadi hiyo katika Kombe moja la Afrika. Zaidi ya hayo, Zaïre ilikuwa inchi ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kufika Kombe la Dunia. Rais Mobutu aliwapokea wachezaji kama wana wa nyumba yake, akawaahidi nyumba na magari.

Langoni alisimama Kazadi Mwamba. Huyu hakuwa mtoto. Alikuwa kipa wa Englebert ya Lubumbashi, ile tunayoiita leo TP Mazembe, iliyochukua ubingwa wa klabu za Afrika mwaka 1967 na tena 1968. Nyuma yake kwenye benchi alikuwa Tubilandu Ndimbi wa Vita Club ya Kinshasa, klabu iliyochukua ubingwa huo huo mwaka 1973. Kwa hiyo tulikuwa na makipa wawili kutoka klabu mbili kubwa za Afrika, mmoja wa Lubumbashi na mmoja wa Kinshasa. Mkongomani yeyote anajua mabishano ya aina gani yanazaliwa hapo.

Kocha alikuwa Blagoje Vidinić, Myugoslavia. Naye alikuwa kipa katika ujana wake, na alikuwa katika timu ya Yugoslavia iliyochukua medali ya dhahabu ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960. Mambo ya langoni aliyajua vizuri.

Mechi ya kwanza, tarehe 14 Juni mjini Dortmund, Zaïre walifungwa na Scotland 2-0. Haikuwa aibu. Watu walisema wageni hawa wanaujua mpira. Kazadi alicheza dakika zote 90.

Kati ya mechi hiyo na ile ya pili, jambo lilitokea ambalo halikuonekana uwanjani. Wachezaji walisikia kwamba pesa walizoahidiwa hazitawafikia. Baadaye wachezaji wenyewe walisimulia kwamba viongozi waliosafiri nao walikuwa wamezila. Wakasema hawatacheza. Ikabidi wabembelezwe na kusukumwa mpaka wakakubali kuingia uwanjani. Waliingia, lakini mioyo yao haikuwa pale.

Yugoslavia walianza kufunga dakika ya 8. Wakaongeza dakika ya 14, kisha dakika ya 18. Dakika ya 21, wakati ni 3-0, kibao kikainuliwa: Kazadi anatoka, Tubilandu anaingia. Kazadi hakuwa ameumia. Kumtoa kipa mzima mapema namna hiyo katika Kombe la Dunia ni jambo lililoshangaza kila mtu.

Tubilandu alikuwa mtu wa kimo kifupi, na hakuwa amepasha mwili vya kutosha. Kabla hajazoea hata upepo wa uwanja, Yugoslavia walipiga mpira wa adhabu na Katalinski akaweka bao la nne. Wachezaji wetu wakamzunguka refa, Omar Delgado wa Colombia, wakilalamika. Katika fujo hiyo mtu akampiga refa teke kwa nyuma. Refa akageuka na kumpa kadi nyekundu Ndaye Mulamba. Lakini aliyepiga teke alikuwa Mwepu Ilunga, beki, na mwenyewe alikubali. Refa hakusikia. Ndaye, yule wa mabao 9 ya Cairo, alitoka uwanjani kwa kosa la mwingine.

Tangu hapo Zaïre walicheza watu 10. Kipindi cha kwanza kiliisha 6-0, na mchezo wote 9-0.

Sasa tufanye hesabu ambayo wabishi hawapendi kuifanya. Katika Kombe lile Kazadi alikaa langoni dakika 201 na kufungwa mabao 8. Tubilandu alikaa dakika 69 na kufungwa mabao 6. Ukiangalia namba tupu utasema Kazadi alikuwa bora, na aliyemtoa alikosea. Lakini namba hizo hazisemi kwamba Tubilandu aliingia akiwa baridi, mbele ya mabeki waliovunjika moyo kwa pesa zao, na kwamba karibu dakika zake zote timu ilikuwa na watu 10. Weka hapo kipa yeyote unayempenda, halafu mhukumu.

Na Kazadi naye hakuwa malaika. Mechi ya tatu, tarehe 22 Juni, alirudi langoni dhidi ya Brazil. Matokeo ya 9-0 yalimkasirisha sana Mobutu. Mwepu Ilunga alisimulia miaka mingi baadaye kwamba walinzi wa rais walifika hotelini na kuwaambia kwamba wakifungwa na Brazil mabao manne, hakuna atakayerudi nyumbani salama. Wakacheza na woga huo. Brazil walikuwa wanaongoza 2-0, na dakika ya 79 Valdomiro akapiga mpira ambao kipa angeweza kuudaka. Ukampita Kazadi karibu na mlingoti, ukaingia. Ikawa 3-0, ikabaki hapo. Bao hilo moja liliwaondoa Scotland katika mashindano bila ya kufungwa mechi hata moja, kwa sababu Brazil waliwapita kwa tofauti ya mabao. Kipa bora naye hukosea, na kosa lake linaweza kubadili safari ya inchi nyingine kabisa.

Turudi kwenye swali letu: nani alimtoa Kazadi?

Mitaani watu walimtuhumu kocha. Walisema Vidinić ni Myugoslavia, amewauzia ndugu zake mechi. Tuhuma hiyo ilikuwa rahisi kuamini, kwa maana ilitoa jibu moja kwa uchungu wote. Lakini Vidinić alieleza baadaye kwamba agizo lilitoka kwa mtu wa wizara ya michezo aliyekuwa pamoja na timu, ambaye baada ya bao la tatu aliamuru kipa atolewe. Kama ndivyo ilivyokuwa, basi kipa alichaguliwa na mtu asiyejua kazi ya kipa, mbele ya kocha aliyewahi kuwa kipa mwenyewe.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo ugonjwa ulipo. Wakubwa waliokula pesa hawakuvaa jezi, na kamera haikuwaonyesha. Mtu aliyeonekana na dunia nzima ni kipa anayeokota mpira ndani ya wavu. Basi lawama zikaenda kwa anayeonekana. Kumtoa Kazadi kulikuwa njia ya kuonyesha kwamba kuna kitu kimefanyika. Kidonda kilikuwa mguuni, wao wakafunga bandeji mkononi.

Wengine watanijibu: basi kocha asibadilishe kipa kamwe? Hapana, sisemi hivyo. Angalieni Rabat, tarehe 16 Novemba 2025. Leopards wetu walikuwa 1-1 na Nigeria baada ya dakika 120, katika mechi ya kutafuta njia ya Kombe la Dunia la 2026. Muda wa nyongeza ukiwa unakwisha, kocha Sébastien Desabre alimtoa Lionel Mpasi na kumwingiza Timothy Fayulu kwa ajili ya penalti. Kumbukeni Mpasi ni nani: ndiye kipa aliyepiga penalti ya mwisho na kuitoa Misri katika Kombe la Afrika, Januari 2024. Kocha alimtoa shujaa wa penalti dakika chache kabla ya penalti! Fayulu akaokoa, nahodha Chancel Mbemba akapiga ya mwisho, tukashinda 4-3. Usiku ule tulicheza barabarani.

Tuseme ukweli: kama Fayulu angefungwa zote, asubuhi yake tungemla Desabre mzima. Matokeo hayatoshi kuonyesha kama uamuzi ulikuwa mzuri. Lakini tofauti ya Rabat na Gelsenkirchen ipo hata ukifunika matokeo kwa mkono. Rabat aliyeamua ni kocha mwenyewe. Alikuwa na kazi maalumu anayoitaka kwa kipa anayeingia. Na aliyetoka hakutolewa kama mwenye hatia. Gelsenkirchen hakukuwa na hata kimoja cha hivyo vitatu.

Kwa hiyo kabla hatujamnyooshea kidole kipa wa timu ya chuo, au wa timu ya mtaa, au wa Leopards, tuulize maneno matatu. Nani aliamua? Aliamua kwa sababu gani ya mchezo? Na je, wachezaji walikula, walisafiri vizuri, walipewa walichoahidiwa? Swali la kwamba kipa ni mtu wa wapi halimo. Mwaka 1974 tuliweka langoni mtu wa klabu ya Lubumbashi na mtu wa klabu ya Kinshasa, na mipira iliingia kwa wote wawili.

Nasema hivi kwa sababu katika mji wetu tunajua lawama za namna hiyo zinafika wapi. Tangu 2023, familia nyingi za Lubunga zimekimbia nyumba zao, na kati yenu mnaonisikiliza wapo walioacha kila kitu ng'ambo ya mto. Watu hawaanzi na panga. Wanaanza na neno: "ni wale." Uwanja wa mpira ni mahali pazuri pa kujizoeza kutolisema neno hilo.

Namalizia na Ndaye Mulamba, aliyefukuzwa uwanjani kwa teke la mwenzake. Mwaka 1994 alialikwa Tunisia kwenye Kombe la Afrika, akaheshimiwa mbele ya watu. Aliporudi nyumbani, watu wenye silaha walimvamia wakidhani amekuja na pesa nyingi, wakampiga risasi ya mguu. Ikabidi akimbie inchi. Mfungaji wa mabao 9 aliishi Cape Town kama mkimbizi, akilinda magari ya watu ili apate chakula. Mwaka 1998, kwenye Kombe la Afrika huko Burkina Faso, watu walisimama kimya dakika moja kumlilia kwa sababu ilisemwa kwamba amekufa, kumbe alikuwa hai na maskini katika mji wa kigeni. Alifariki kweli Afrika Kusini tarehe 26 Januari 2019.

Wazazi mlio katika maeneo ya wakimbizi wa ndani, watoto wenu nao wanacheza mpira kila jioni, na kila jioni yuko mmoja anayepewa kukaa langoni kwa sababu ni mdogo au hana viatu. Mpira ukimpita, msiwaache wenzake wamfukuze. Mwambieni jina la Kazadi, mwambieni na la Tubilandu. Halafu kesho arudi langoni.