Waliovuka Kyaka

Kwa Kikatiti, mji mdogo ulio kando ya barabara ya Arusha–Moshi kati ya Maji ya Chai na njia panda ya KIA, Vita vya Kagera vilipiganwa mbali. Serengeti na Ziwa Victoria viko katikati. Hata hivyo, walioikomboa Kagera hawakuwa wana wa Kagera peke yao.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 jeshi la Idi Amin, mtawala wa Uganda, lilivuka mpaka, na Novemba 1 Amin akatangaza kwamba ardhi yote hadi Mto Kagera ni yake. Daraja la Kyaka, juu ya mto huo, liliwashinda marubani wake waliotumwa kulivunja. Akaitwa mtaalamu wa baruti kutoka migodi ya Kilembe, akalilipua Novemba 3. Huku nyuma raia waliuawa, nyumba zikachomwa, ng'ombe wa ranchi ya Missenyi wakaswagwa hadi Uganda. Kanisa la Kyaka lilibomolewa, na magofu yake yameachwa yasimame kama yalivyo.

Mwalimu Nyerere alipotangaza vita, kazi ya kuiandaa nchi ilimwangukia Waziri Mkuu Edward Sokoine, mtu wa Monduli. Wakuu wa mikoa wakaagizwa kutoa malori, mabasi na watu. Jeshi lenye askari wasiofika 40,000 likaongezewa mgambo hadi likapita 100,000. Mkulima aliyeacha shamba lake la mahindi akajikuta katika kikosi cha miguu, bega kwa bega na askari wa kudumu.

Na kweli walikwenda kwa miguu. Wakavuka mto, wakaingia Uganda: Januari 1979 wakaitwaa Mutukula, Februari 24 Masaka. Lukaya ndiko walikobanwa: Machi 10 walisukumwa nyuma na jeshi la Amin likisaidiwa na Walibya, wakajipanga usiku, kesho yake wakashinda. Siku chache baadaye, Machi 24 hadi 26, Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana Moshi, mwisho wa barabara hiihii ya Kikatiti, wakaunda umoja wao wa ukombozi, UNLF. Aprili 11 Kampala ikaanguka.

Heshima zilifuata. Mkoa wa Ziwa Magharibi ukapewa jina la Kagera. Kaboya, wilayani Muleba, wamelala askari zaidi ya 600. Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, katika sherehe ya kitaifa silaha za jadi huwekwa mnarani: Rais huweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi sime; shoka, upinde na mshale navyo vina wawekaji wake. Wazee waliopigana huwapo, medali kifuani.

Lakini sherehe hiyo haiwezi kumfikia kila mzee, na wakati hauwangoji. Aliyekuwa na miaka 20 Kampala ilipoanguka sasa amepita 65. Jenerali David Musuguri, aliyeiongoza Divisheni ya 20 katika vita hivyo, alifariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104. Mgambo aliyerudi kwenye jembe hana mnara, na mara nyingi wajukuu zake hawajui alipigana wapi.

Serikali za vijiji zinaweza kulirekebisha hili bila kungoja bajeti. Viongozi wa Kikatiti, na wa kila kijiji kilichotoa vijana kwa vita hivyo: pitieni nyumba kwa nyumba kabla ya Julai 25, andikeni jina la kila mzee aliye hai, kikosi chake na alikopigana, kisha mwiteni akae mbele ya watoto wa shule awasimulie kwa kinywa chake.