Kutoka Ruzizi I hadi Ruzizi III: historia ya kupanga kazi na siku zake

 

Umeme ukikatika jioni, kinu cha kusaga kinasimama, mtoto anafunga daftari, na mtu mmoja nyumbani anauliza: hiyo Ruzizi ya tatu itamalizika lini? Wazee wetu waliisikia, sisi tuliisikia, na watoto sasa wanaisikia. Leo tuliangalie swali hilo kwa njia ya historia: watu walijifunzaje kupanga kazi kubwa, nani aliingiza mpango ndani ya kompyuta, na kwa nini mpango mzuri unaweza kukaa miaka bila jiwe kuwekwa juu ya jiwe.

Tuanze na mto wenyewe. Ruzizi inatoka katika Ziwa Kivu, pale Bukavu, inateremka kuelekea kusini hadi Ziwa Tanganyika. Kivu iko juu karibu mita 1,460, Tanganyika karibu mita 770. Maji yanashuka karibu mita 700 katika safari hiyo, na nguvu ya umeme inatoka katika mshuko huo.

Bwawa la kwanza, Ruzizi I, lilijengwa wakati wa Wabelgiji, mwisho wa miaka ya 1950. Lina nguvu ya karibu megawati 30, na SNEL ndiyo inaliendesha. Miaka hiyohiyo, mbali na hapa, jambo lingine lilikuwa linazaliwa, na kila mjenzi wa bwawa anatumia matunda yake mpaka leo.

Kabla ya hapo, wakubwa wa kazi walitumia mistari kwenye karatasi. Injinia mmoja wa Poland, Karol Adamiecki, alichora jedwali la namna hiyo mwaka 1896. Katika miaka ya 1910 Mmarekani Henry Gantt alieneza yake, na mpaka leo tunaiita chati ya Gantt. Ni kitu rahisi. Upande wa kushoto unaandika kazi, juu unaandika siku, na kila kazi unaichorea mstari toka siku inapoanza hadi siku inapoisha. Hata asiyesoma sana anaona nani anafanya nini juma hili.

Lakini chati ya zamani ilikuwa na upungufu. Ilionyesha siku, haikuonyesha vizuri kazi gani inangoja kazi gani. Mwaka 1957, kampuni ya DuPont ya Marekani, pamoja na wataalamu wa kompyuta wa Remington Rand, walitafuta hesabu ya kujibu hilo. Kompyuta yao, UNIVAC, ilijaza chumba kizima. Mwaka uliofuata, 1958, jeshi la maji la Marekani likatengeneza hesabu yake kwa ajili ya makombora ya Polaris, ikaitwa PERT. Kwa hiyo, wakati Ruzizi I inajengwa hapa, huko ndiko hesabu hizi zilikuwa zinatoka.

Hesabu hiyo tuielewe kwa mfano wa hapa nyumbani. Familia inarudi na kukuta nyumba imeanguka. Kusafisha kiwanja ni siku 2. Msingi wa mawe, siku 6. Kuta, siku 12. Paa, siku 4. Kando ya hizo, kuna kupasua mbao za paa, siku 10, na mpasuaji anaweza kuanza hata siku ya kwanza kwa sababu hangoji mtu. Ukijumlisha zote unapata siku 34. Lakini nyumba haihitaji siku 34. Kiwanja, msingi, kuta na paa zinafuatana: 2 na 6 na 12 na 4, jumla ni 24. Mbao zinapasuliwa wakati masoni yuko kazini.

Sasa angalia: mpasuaji wa mbao akichelewa siku 10, nyumba bado inamalizika siku ya 24, kwa sababu mbao zinahitajika siku ya 20 tu. Lakini msingi ukichelewa siku 1, nyumba yote inachelewa siku 1. Ule mfuatano wa siku 24 ndio mnyororo mrefu, na ndio unaoamua tarehe ya mwisho. Ukiwa na pesa kidogo za kuongeza watu, usiwatupe kwa mpasuaji. Wapeleke kwenye msingi na kuta. Hiyo ndiyo kazi ya programu zote za mipango: kutafuta mnyororo mrefu hata kama kazi ni 5,000 badala ya 5.

PERT iliongeza kitu ambacho sisi wa Kivu tunakijua bila kufundishwa: hakuna anayejua siku kwa hakika. Kwa kila kazi wanauliza siku tatu: siku za heri, siku za kawaida, na siku za taabu. Tuseme mchanga unaletwa kwa siku 2 barabara ikiwa kavu, siku 4 kwa kawaida, na siku 12 mvua ikiharibu njia. Wanachukua ile ya kawaida mara 4, wanaongeza zile nyingine mbili, wanagawa kwa 6. Ni 2 na 16 na 12, jumla 30. Gawa kwa 6 unapata siku 5. Anayeandika 4 katika mpango wake amejidanganya kwa siku moja kabla hajaanza.

Turudi mtoni. Mwaka 1976 Burundi, Rwanda na Zaire waliunda jumuiya ya CEPGL. Mwaka 1983 nchi hizo tatu zikawa na kampuni moja ya umeme, SINELAC, na mwaka 1989 Ruzizi II ikaanza kutoa umeme, karibu megawati 44. Hesabu mwenyewe: toka jumuiya hadi umeme ni miaka 13, na toka kampuni hadi umeme ni miaka 6. Kazi ya saruji na mitambo ilikuja baada ya karatasi, na karatasi zilikuja baada ya maelewano. Bila saini tatu hakuna kampuni, na bila kampuni hakuna wa kumkopesha.

Miaka hiyo ndiyo kompyuta ndogo ya mezani ilipoingia katika ofisi za wajenzi. Kampuni ya Primavera ilianza mwaka 1983, na Microsoft Project ikatoka mwaka 1984. Hesabu iliyohitaji chumba kizima mwaka 1957 ikawa inafanywa na mtu mmoja aliyekaa kwenye kiti. Leo iko pia GanttProject, iliyoanza mwaka 2003, ambayo ni ya bure. Shirika dogo la Kavumu linaweza kuitumia kupanga chemchemi au paa la shule.

Kumbe basi vyombo vimekuwa vizuri zaidi kuliko wakati wa Ruzizi I. Mbona Ruzizi III haijafika?

Tukumbuke safari yake. Mpango ulisema megawati 147. Desemba 2015 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha msaada wa dola milioni 138. Baadaye ukubwa wa bwawa ukapandishwa hadi megawati 206. Mwaka 2024 TotalEnergies ya Ufaransa ilitangaza kununua hisa ambazo zinaiingiza katika mradi huo. Na vita vilipofika Kavumu na Bukavu Februari 2025, ukuta wa bwawa ulikuwa haujajengwa.

Ukiutazama mradi huu kama ile nyumba yetu, utaona mnyororo mrefu haupiti kwenye saruji. Unapita kwenye saini za serikali tatu, kwenye mkataba wa nani atanunua umeme na kwa bei gani, kwenye wakopeshaji wanaotaka kuona mkataba huo kwanza, na kwenye amani kati ya majirani wanaogawana mto mmoja. Tingatinga 100 zikiletwa mtoni leo, hazifupishi mnyororo huo hata siku moja. Programu itahesabu tarehe mpya usiku mmoja, lakini haijui kama barabara imefungwa au kama wakubwa hawasemezani. Inajua kile mtu alichoandika ndani yake. Aliyeandika siku za heri peke yake atapata tarehe nzuri ambayo haitafika.

Kuna somo lingine katika Ruzizi I. Takataka za plastiki zinazotupwa ziwani zinasukumwa na maji mpaka kwenye bwawa, zinaziba, na mitambo inasimamishwa ili zitolewe. Mipango mingi inaandika mstari wa mwisho siku ya kukata utepe. Usafi na matengenezo havina siku ya mwisho, na visipoandikwa havipati pesa wala mtu.

Kwa nini tunawaambia haya wakati huu ambapo wengi hawako hata nyumbani kwao? Kwa sababu ahadi nyingi zitasemwa: maji, shule, nyumba, barabara, kurudi kwa waliohama. Kila ahadi itakuja na tarehe. Mama au papa anayekaa katika mkutano hahitaji kompyuta ili aulize vizuri. Auliza mambo manne. Kazi gani inaanza kwanza, na inangoja nini? Ni kazi ipi ikichelewa siku moja, yote yanachelewa? Mmehesabu siku za taabu, au za heri tu? Na baada ya sherehe, nani atatunza, kwa pesa ya nani?

Hata familia iliyo ugenini inaweza kuchora mistari yake kwenye daftari la mtoto. Kurudi kunangoja usalama, mbegu zinangoja mvua ya Septemba, shule inangoja karatasi za mtoto. Usalama hauko mikononi mwetu, na ndio mnyororo mrefu. Lakini karatasi za mtoto ni kama zile mbao za paa: hazingoji masoni, mtu anaweza kuanza kuzitafuta leo. Siku njia itakapofunguka, zitakuwa tayari.