Potasiamu: kutoka jivu la jikoni hadi tangi la samaki

Wanaofuga samaki wa mapambo kwenye matangi ya kioo yenye mimea hai hukutana na tatizo hili: majani ya zamani yanatoboka vitundu na kingo zinageuka njano. Mara nyingi ni upungufu wa potasiamu. Hapa Kikatiti wazo la kwanza ni kutia jivu kidogo, kama tunavyofanya kwenye migomba. Usifanye hivyo, na historia inaonyesha kwa nini.

Kwa karne nyingi jivu ndilo lilikuwa chanzo cha potasiamu. Watu walichuja maji kwenye jivu la kuni, wakayachemsha chunguni mpaka ikabaki chumvi nyeupe ya kutengenezea sabuni na vioo. Jina lake la Kiingereza limeunganishwa kutoka chungu na majivu. Mwaka 1807, mjini London, Humphry Davy alipitisha umeme kwenye potashi iliyoyeyushwa akapata metali mpya. Alama yake, K, inatokana na kalium, neno lenye asili ya Kiarabu linalohusu jivu la mimea. Basi bibi anayemwaga jivu shinani mwa mgomba yuko sahihi kabisa.

Tangi ni habari nyingine. Potasiamu ya jivu huja kama kabonati, inayopandisha pH. Maji mengi ya miteremko ya Meru tayari yana magadi na floridi kwa wingi. pH ikipanda zaidi, amonia inayotoka kwa samaki hugeuka sumu kali, na samaki wanakufa kabla mmea haujapata nafuu. (Magadi nayo ni sodiamu, haichukui nafasi ya potasiamu.)

Njia nyingine ilifunguka mwaka 1861, Stassfurt, Ujerumani, potasiamu ilipoanza kutolewa kwenye machimbo ya chumvi. Leo tunapata salfeti ya potasiamu, ambayo haipandishi pH. Mwaka 1996 Paul Sears na Kevin Conlin waliandika kuhusu mchanganyiko wa bei nafuu wa virutubisho vya matangi, salfeti hiyo ikiwemo, na wafugaji wengi wakaufuata.

Hesabu yake ni rahisi. Gramu 1 ya salfeti safi ina takriban gramu 0.45 za potasiamu. Kwenye lita 100, gramu 2.2 huongeza miligramu 10 kwa lita. Yeyusha kwanza kwenye kikombe cha maji, mimina polepole, kisha angalia majani mapya kwa wiki 2 au 3, kwa sababu yaliyotoboka hayaponi. Ukibadilisha nusu ya maji, rudisha nusu ya kipimo tu.