Saa za Eneo

Kwenye simu iliyowekwa Kiswahili, chini ya tarehe na saa, utakuta maneno "saa za eneo". Wengine huandika "ukanda wa saa", wengine "majira". Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, na nimeyaona maneno haya matatu yakipokezana nafasi kana kwamba ni mamoja. Nasimama na la kwanza, kwa sababu linaeleza saa za dunia zilivyopangwa hasa.

"Ukanda" unamchorea msomaji dunia iliyokatwa mapande 24 yaliyolingana, kila pande nyuzi 15 za longitudo. Hesabu yenyewe ni safi: nyuzi 360 kwa saa 24. Sandford Fleming, mhandisi wa reli wa Kanada aliyezaliwa Uskoti, alianza kuipigania baada ya kukosa treni huko Ireland mwaka 1876. Tarehe 18 Novemba 1883 kampuni za reli za Marekani na Kanada zikaachana na saa za kila mji na kufuata mpango wa namna hiyo. Mwaka uliofuata wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington, wakapitisha mstari wa Greenwich kuwa sifuri. Ila mkutano ule haukuigawia nchi yoyote ukanda wake. Kila serikali ilibaki na uamuzi, na serikali zimeamua zilivyopenda. China nzima hufuata saa za Beijing. India iko mbele ya Greenwich kwa saa tano na nusu, Nepal kwa saa tano na dakika 45. Kongo ina saa mbili tofauti: Kinshasa ikiwa saa tatu asubuhi, Lubumbashi ni saa nne. Kenya iliwahi kwenda na saa mbili na nusu, ikaenda pia na saa mbili na dakika 45, kabla ya kutulia kwenye tatu.

Samoa ilifika mbali zaidi. Mwishoni mwa 2011 iliiruka tarehe 30 Desemba yote. Waliolala Alhamisi waliamka Jumamosi. Aliyesoma riwaya ya Jules Verne ya kuzunguka dunia kwa siku 80 atamkumbuka Phileas Fogg, aliyesafiri kuelekea mashariki akadhani amechelewa, kumbe amehesabu siku moja zaidi. Verne alichapisha kitabu hicho mwaka 1873, mkutano wa Washington haujafanyika.

Maamuzi hayo yote ya serikali yamekusanywa mahali pamoja. Arthur David Olson, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, aliuanza mkusanyo huo miaka ya 1980, na tangu 2011 unatunzwa chini ya IANA, taasisi inayoratibu majina na namba za intaneti. Humo kila eneo hutajwa kwa jina la bara na mji: Africa/Nairobi, Africa/Lubumbashi, Asia/Kathmandu. Ukifungua sehemu ya Nairobi, inaanza na saa 2, dakika 27 na sekunde 16, yaani saa ya jua la mji ule, kisha mabadiliko yanafuatana hadi leo. Africa/Dar_es_Salaam na Africa/Kampala siku hizi huelekezwa Africa/Nairobi, kwa kuwa saa za miji hiyo zimelingana tangu 1970. Mafaili haya nayasoma kwa raha, safarini hasa, maana watunzaji wake wameyajaza maelezo: badiliko lilitangazwa wapi, kwa sheria ipi, na ushahidi upi unapingana na upi.

Mwandishi wa programu anayehifadhi "+3" peke yake amehifadhi tofauti ya siku ile tu. Anayehifadhi jina la eneo amebeba na historia yake, pamoja na nafasi ya kubadilika kesho. Kikao cha mwaka ujao kilichoandikwa kwa +3 kitaitwa kwa saa isiyo yake endapo serikali itaamua vingine kabla ya siku hiyo.

Msafiri wa nchi kavu huyaona haya kwa macho pale Rusumo, penye daraja la mto Kagera. Rwanda iko saa mbili mbele ya Greenwich, Tanzania saa tatu. Simu ikinasa mnara wa ng'ambo, saa yake huruka dakika 60 mwenyewe angali kwenye foleni ya uhamiaji. Ndipo linapokuja swali tunalowauliza pia ndugu zetu walioko Muscat tunapopanga kupigiana: "Saa za kwetu au za kwenu?" Istilahi imetoka humo humo. Saa ni za mahali, na mahali pana wenyewe.

Tiketi ya basi ya Tanzania huongeza jambo jingine. "Kuripoti 11:30, kuondoka 12:00" ni alfajiri, kwa saa za Kiswahili, ilhali tiketi ya ndege ingeandika 06:00. Ipo tamaa ya kuziingiza saa hizi kwenye programu kama eneo jingine, lenye tofauti ya saa sita. Ukifanya hivyo mishale italingana na ya Buenos Aires: Nairobi ikiwa 7:00 asubuhi, huko ni 1:00 usiku, nasi tunasema saa moja. Lakini saa moja asubuhi ni wakati uleule wa 7:00, uliohesabiwa kuanzia macheo. Hiyo ni desturi ya kuhesabu, na mahali pake ni kwenye mipangilio ya lugha.

"Majira" nalo lina kazi yake. Nchi nyingi za Ulaya husogeza saa mbele kila Machi, nasi huziita saa hizo "saa za majira ya joto". Anayetumia "majira" kwa maana ya eneo atajikuta anaandika "majira ya majira ya joto".

Kwenye fomu, basi, naona swali liwe "Uko mji gani?" badala ya kumtaka mtu ataje namba. Hapo pana kazi bado. Mtu wa Goma hataukuta mji wake kwenye mkusanyo wa IANA. Ataambiwa achague Lubumbashi, ulioko zaidi ya kilomita 1,000 kusini kwake. Programu nzuri itamwandikia Goma kwenye orodha, na ndani ihifadhi Africa/Lubumbashi.